Sensa ya joto la ngozi inapotoa namba za ajabu: dalili, chanzo na cha kufanya

Tuanze na kwa nini inabidi uhangaike hivi na digrii 1. Mwaka 1947 Moritz na Henriques pale Harvard walichapisha kazi zao za majeraha ya joto, walitumia nguruwe na pia watu waliojitolea, wakaona ngozi ikikaa kwenye 44 inachukua kama saa 6 mpaka iharibike, ikikaa kwenye 45 ni kama saa 3 tu, na ikifika 60 sekunde kama 5 zinatosha. Yani kati ya 44 na 51 kila ukipanda digrii 1 muda wa kuungua unakatika nusu. Sasa chukulia sensa yako inasoma digrii 1 chini ya ukweli, we unaandika kwenye ripoti kwamba nguo fulani inampa mtu wa zimamoto muda mara mbili ya ule anaoupata kweli, na kuna mtu ataivaa hiyo nguo aingie nayo ndani ya moto. Ndo maana kwenye utafiti wa kuungua namba ya ajabu haipitishwi kwa kusema "iko karibu karibu", inafuatwa mpaka chanzo chake kijulikane.

Hapa naongelea vifaa vinavyotumika sana: themokapo (zile waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha), themista (kikinzani kidogo ambacho ukinzani wake unabadilika na joto), kamera ya infraredi, diski ya shaba ya kupimia moto yani kaloremita, na sensa za mtiririko wa joto za aina ya Gardon na Schmidt-Boelter. Nimepanga kwa dalili, tafuta yako.

Kabla hujailaumu sensa, itie kwenye barafu

Hatua hii watu wengi wanairuka na ndo inaokoa muda kuliko zote. Chukua barafu ya maji safi, ipondeponde iwe vipande vidogo, jaza kwenye chupa ya chai, ongeza maji baridi kidogo tu ya kujaza nafasi kati ya vipande, koroga, subiri dakika chache halafu tumbukiza sensa katikati kabisa. Inatakiwa isome 0. Usichukue vipande viwili vitatu vinaelea kwenye glasi ya maji ukasema hiyo ni sifuri, maana maji mazito kuliko yote ni yale ya digrii 4 na yanatulia chini, kwa hiyo sensa ikigusa kule chini itasoma 3 au 4 na itakuwa inasema kweli, we ndo utaiona mbovu bure.

Ukitaka na kipimo cha juu tumia maji yanayochemka, ila angalia uko wapi. Dar, Tanga au Mombasa maji yanachemka kwenye 100, Arusha ni kama 95, Nairobi kama 94, Eldoret kule juu ni kama 93. Mtu wa Nairobi akiona 94 asianze kurekebisha sensa iwe 100, hapo atakuwa ameiharibu mwenyewe.

Barafu na maji ya kuchemka vinakwambia kama kifaa ni kizima, lakini kazi yako iko kati ya 30 na 60, kwa hiyo mwishowe uilinganishe pia na themometa yenye cheti ndani ya maji ya vuguvugu yanayokorogwa muda wote. Matokeo ya barafu ndo yanaamua uende wapi: kama hata kwenye barafu inakosea basi tatizo liko kwenye waya, seting au data loga (kile kifaa kinachosoma na kurekodi namba za sensa), kama kwenye barafu iko sawa ila kwenye ngozi inakosea basi tatizo ni namna ulivyoifunga au mazingira yake. Usichanganye hizi njia mbili, utazunguka siku nzima.

Unapasha joto, namba zinashuka

Waya zimegeuzwa, chanya na hasi. Kwetu hii inatokea sana kwa sababu vifaa vinakuja vingine kutoka Marekani na vingine Ulaya na rangi zao hazifanani. Kwa Marekani waya mwekundu ndo hasi, ndiyo, mwekundu ni hasi, na fundi yeyote wa umeme wa kawaida atauweka kwenye chanya bila kufikiria mara mbili. Themokapo zina aina zinazoitwa kwa herufi kama K, T na J, kutegemea metali zake. Kwa aina ya K ya Marekani chanya ni njano, kwa mfumo wa IEC (viwango vya kimataifa vya umeme) unaotumika Ulaya chanya ya K ni kijani na hasi ni nyeupe, na aina ya T Marekani ni bluu kwa nyekundu, IEC ni kahawia kwa nyeupe.

Ila kuna kisa kibaya zaidi cha hii, pale waya wa kurefushia unapogeuzwa ncha zote mbili, huku umegeuzwa na kule umegeuzwa. Hapo ukipasha namba zinapanda vizuri tu, hamna anayeshtuka, lakini kuna kosa la karibu mara mbili ya tofauti ya joto kati ya pale ulipounganishia waya na pale data loga ilipo. Kama kiunganishi kiko karibu na taa ya kupasha na kina digrii 35 na loga iko kwenye 25, kosa lako ni kama digrii 20. Dalili yake ni kwamba namba inabadilika ukipasha kiunganishi kwa mkono bila kugusa ncha ya sensa. Fanya hivo kila unapofunga waya mpya, kishike kiunganishi kwenye kiganja, namba isitikisike.

Namba iko juu au chini kwa kiasi kilekile muda wote

Kwanza angalia waya wa kurefushia ni wa aina gani. Mtu amekosa waya wa K akachukua waya wa kawaida wa shaba wa spika akarefushia. Hapo themokapo yako sasa inaanzia kupima pale ulipounganisha, na loga inadhani inaanzia kwake, kwa hiyo tofauti ya joto kati ya sehemu hizo mbili inapotea kwenye hesabu. Asubuhi chumba kikiwa kimetulia joto moja kila kitu kinaonekana sawa, mchana taa zikiwashwa kosa linaanza kukua.

Pili seting ya aina kwenye loga, na hapa nataka uwe makini kweli kwa sababu mtego wake ni wa pekee. Themokapo ya aina ya T na ya aina ya K kwenye joto la mwili zinatoa volti karibu sawa kabisa, kwenye 40 zote ni kama milivolti 1.61. Kwa hiyo ukiweka sensa ya T halafu loga umeiacha kwenye K, ukiishika mkononi inasoma vizuri, ukiiweka kwenye barafu inasoma vizuri, unaridhika. Ukienda kwenye moto, shaba ikifika 100 loga inakwambia 104 na zaidi, ikifika 200 inakwambia kama 228. Na kaloremita nyingi za shaba zimefungwa aina ya T. Ndo faida ya kipimo cha maji yanayochemka, barafu peke yake haiwezi kulikamata hili. Aina ya J ikisomwa kama K inajionyesha mapema kidogo, chumba kikiwa 25 na ngozi 33 utaona kama 35.

Chaneli zote zinahama pamoja

Sensa nane ziko sehemu nane tofauti, zote zinapanda nusu digrii kwa wakati mmoja halafu zote zinashuka. Ngozi haifanyi hivo. Hicho ni kile kiungio baridi ndani ya loga, sehemu ambayo loga inapima joto lake yenyewe ili ijue ianzie wapi kuhesabu. Kiyoyozi kinaipulizia, au jua la dirishani limeifikia, au umeiweka juu ya pawasapulai inayochemka, au imetoka kwenye gari sasa hivi. Ihamishe, ifunike isipate upepo, iache ikae chumbani kama nusu saa kabla ya kuanza. Kama kazi yako inataka usahihi mkubwa tumia themista kwa ngozi iliyotulia, zenyewe hazina kiungio baridi, ila nazo usizipitishie mkondo mkubwa wa kupimia kwa sababu zinajipasha zenyewe, na ngozi iliyofunikwa haina pa kulipeleka hilo joto.

Kwenye barafu iko sawa, kwenye ngozi inasoma chini

Mtu aliyetulia kwenye chumba kizuri wastani wa ngozi yake ni kama 33. Tumboni na kifuani iko juu kidogo, vidole vinaweza kuwa popote, usivitumie kama kipimo cha uzima wa sensa. Ukipata 30 kifuani kwa mtu asiyesikia baridi, mara nyingi waya ndo unaiba joto. Waya wa metali unatoka kwenye ngozi unaenda hewani, unavuta joto kutoka kwenye ncha na kulimwaga nje, na waya mnene unavuta zaidi. Dawa yake ni mbili: tumia waya mwembamba, na usiunyanyue kutoka kwenye ngozi pale pale kwenye ncha, ulaze juu ya ngozi sentimita kadhaa kwanza ndo uutoe, ili sehemu iliyo karibu na ncha nayo iwe na joto la ngozi.

Halafu angalia mguso. Nywele chini ya ncha, jasho lililoingia kati, plasta iliyoachia upande mmoja mtu alipopumua. Watu wakiona hivo wanabandika plasta nene zaidi na kukandamiza, na hapo wanaingia kwenye kosa la upande wa pili: plasta nene inafunika ngozi kama nguo, jasho halitoki, joto linapanda chini yake, na ukikandamiza sana damu inapungua pale. Kipande chembamba chenye matundu kinatosha, kizidi ncha kidogo tu.

Sensa za diski za kupima mtiririko wa joto kwenye ngozi zina shida hiyohiyo ila kubwa zaidi, kwa sababu diski yenyewe ni kizuizi. Mtu aliyekaa tu anatoa kama wati 58 kwa kila mita mraba ya mwili, ni kidogo, ukiongeza diski na plasta juu yake na ukazuia jasho, unachopima ni mtiririko wa pale ulipoweka diski tu, ngozi ya pembeni ina wake. Ukiona diski inasoma chini sana angalia kwanza kama kuna hewa chini yake, paka kiasi kidogo cha mafuta mazito ya kupitisha joto, halafu angalia kama chumba kina feni inayopiga upande mmoja wa mwili.

Chini ya taa ya joto, sensa inasoma juu kuliko ngozi

Hapa ncha ya sensa pamoja na plasta inapigwa na mionzi moja kwa moja, inapata joto lake yenyewe, na we unaliandika kama joto la ngozi. Kipimo cha kujua ni rahisi, weka kizuizi ghafla kati ya taa na ngozi huku loga inarekodi kwa kasi. Sehemu ya joto inayoanguka mara moja, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, hiyo ilikuwa ya ncha, ile inayoshuka polepole ndo ya ngozi. Kama anguko ni kubwa basi themokapo juu ya ngozi chini ya mionzi haikufai, tumia kipimo kisichogusa.

Na rangi nayo. Alice Stoll wa jeshi la majini la Marekani, ambaye kazi yake na mwenzake Chianta ya 1969 ndo imetoa ule mstari unaoitwa wa Stoll, unaoonyesha joto kiasi gani kwa muda gani linaunguza ngozi, alikuwa anapiga mionzi kwenye ngozi ya mkono iliyopakwa weusi ili kila mtu afyonze mionzi kwa kiasi kimoja. Ukitumia taa yenye mwanga mwingi kwa watu wa rangi tofauti bila kufanya hivyo, weusi wa ngozi utafyonza zaidi na weupe utarudisha zaidi, na matokeo yatatawanyika we ukadhani ni sensa. Kwa kazi za watu hai kumbuka pia maumivu yanaanza kwenye 43 hadi 45 hivi, kwa hiyo swichi ya kuzima iwe mkononi mwa huyo anayepimwa, na ukomo uwekwe kwenye mashine yenyewe.

Kamera ya infraredi inaonyesha kitu ambacho hakieleweki

Anza na hili kwa sababu naulizwa sana: ngozi nyeusi haihitaji seting tofauti. Hardy alishaonyesha tangu miaka ya 1930 kwamba kwenye mionzi mirefu ya joto ngozi ya mtu yeyote inatoa karibu kama kitu cheusi kamili, emisiviti (kipimo cha uwezo wa kutoa mionzi, kitu cheusi kamili ni 1) ni 0.98 kwa wote. Utofauti wa rangi niliousema hapo juu ni wa kufyonza mwanga wa taa, kutoa mionzi mirefu ni jambo lingine. Ukiacha kamera kwenye 0.95 ngozi ya 34 kwenye chumba cha 24 utakosea kama nusu ya nusu digrii hivi, si balaa lakini ibadilishe.

Makosa makubwa yako kwengine. Kamera nyingi zisizopozwa ndani zina usahihi wa jumlisha au toa digrii 2 kama zilivyotoka kiwandani, na digrii 2 kwenye utafiti wa kuungua ni mara nne ya muda, kwa hiyo weka kitu chenye joto linalojulikana ndani ya picha kila mara, kikae karibu na ngozi, usome tofauti. Kamera ikiwashwa iache ichemke kwanza, nusu saa si nyingi. Ile tiki unayoisikia kila baada ya muda ni shata ya ndani inajirekebisha, ukiona grafu imeruka kidogo hapohapo chanzo ni hicho. Usipige picha kupitia kioo cha dirisha, kioo hakipitishi mionzi hii, utapima joto la kioo na sura yako mwenyewe. Usipige kwa pembeni sana, ukizidi digrii 60 kutoka wima emisiviti inaanguka, na mwili umepinda kwa hiyo kingo za mkono au mguu zitaonekana baridi bila kuwa baridi. Na metali inayong'aa usiipime kabisa kwa kamera bila kuipaka rangi nyeusi, shaba iliyosuguliwa inatoa mionzi kidogo mno, unachoona ni joto la vitu vinavyojiakisi juu yake.

Sasa kwenye kidonda chenyewe. Watafiti wanatumia kamera kukisia kina, wazo ni kwamba penye uharibifu mkubwa mishipa imekufa, damu haifiki, panakuwa baridi kuliko ngozi nzima ya pembeni. Wazo ni zuri, ila kidonda kilichofunguliwa bandeji sasa hivi ni kibichi, maji yanavukiza, na mvuke unapoza hata kidonda kisicho na kina kikubwa. Picha ileile ukiipiga mara tu baada ya kufungua na ukaipiga tena baadae unapata hadithi mbili. Kwa hiyo panga muda mmoja kwa wagonjwa wote, joto la chumba lilelile, bila feni, na uandike. Malengelenge nayo yanaficha, maji yaliyo ndani yake yanasimama kati ya kamera na ngozi. Dawa za kupaka vilevile, kamera inaona uso wa dawa tu. Wengine wanafunika kidonda kwa nailoni nyembamba ya kufungia chakula kuzuia mvuke, inapitisha sehemu ya mionzi lakini si yote, kwa hiyo ijaribu kwanza juu ya maji ya vuguvugu yenye themometa ujue inakula kiasi gani.

Kaloremita ya shaba inapanda polepole au mstari unapinda

Hiki ndo kifaa ninachokipenda kwa sababu unaweza kukihesabu kwa kalamu ukajua kama kinadanganya. Diski ya kipimo cha ISO 9151 (kiwango cha kimataifa cha kupima kitambaa cha kinga mbele ya mwali) ina kipenyo cha milimita 40, unene 1.6, uzito gramu 18. Shaba inataka joule 385 hivi kupandisha kilo 1 kwa digrii 1, kwa hiyo diski yako inataka karibu joule 7 kwa kila digrii. Uso wake ni sentimita mraba 12.6 hivi, na moto wa kilowati 80 kwa mita mraba ukiupiga uso huo ni wati 100. Gawa 100 kwa 7, unapata digrii 14 kila sekunde. Bila kitambaa juu yake diski inatakiwa ipande digrii 24 kabla sekunde 2 hazijaisha. Kama yako inapanda 9 au 10 kila sekunde kuna kitu, na usiende kupima kitambaa chochote mpaka ukijue.

Kwanza gesi. Mtungi umebaki kidogo, regyuleta imechoka, mpira umebanwa, au kuna upepo unaupinda moto. Uangalie mwali, ukiwa wa njano na wenye moshi hewa haitoshi, na masizi yake yatakaa kwenye diski na kubadilisha kila kitu. Pili rangi nyeusi ya usoni, ikibanduka hata robo, shaba tupu inarudisha mionzi. Ila usipake koti juu ya koti miaka nenda rudi, koti nene linachelewesha joto, futa yote upake upya nyembamba. Tatu, mabaki ya kitambaa kilichoyeyuka na kugandia, yasafishe kwa kiyeyushi kinachofaa diski ikiwa imepoa, na ukisugua kwa msasa kila mara basi ipime na uzito, diski iliyosuguliwa miaka mingi haina tena gramu 18 na itapanda haraka kuliko inavyopaswa, utadhani moto umeongezeka.

Nne, themokapo ya nyuma imelegea. Dalili yake iko mwanzoni mwa grafu, unaona mstari umelala kwa muda halafu ndo unapanda, au unapanda kwa kurukaruka. Mguso mzuri unaanza kupanda karibu papo hapo.

Kuhusu mstari kupinda huku juu, huo kwa kiasi fulani ni wa kawaida. Diski ikishakuwa ya moto sana inapoteza joto kwa kishikilio, kwa hewa na kwa waya, kwa hiyo hesabu yako ichukue sehemu ya mwanzo iliyonyooka tu. Ukianza kipimo kingine wakati diski bado ina vuguvugu unaanzia kwenye hasara, iache irudi kwenye joto la chumba, na usiiharakishe kwa maji kisha ukaisahau unyevu chini ya kishikilio, maji yale yatachukua joto lako.

Sensa ya Gardon au Schmidt-Boelter inasoma wakati hamna joto

Robert Gardon alitoa muundo wake 1953, kipande chembamba cha konstantani kimeshikwa na duara la shaba, katikati panapata joto kuliko kingoni na tofauti hiyo ndo volti yako. Aina nyingi zinapozwa kwa maji, na kwa sisi wa pwani hapo ndo penye shida kubwa. Hewa ya Dar au Zanzibar kipindi cha joto ina unyevu mwingi, ukipitisha maji ya baridi ya friji uso wa sensa unatoa jasho, matone yanakaa, na joto lako linaishia kukausha matone. Tumia maji ya joto la chumba yanayozunguka, usiyapoze zaidi. Kama namba inapandashuka taratibu angalia mapovu kwenye mpira na pampu, na joto la ndoo ya maji kama linapanda kadiri siku inavyokwenda.

Ukiona inakubaliana na sensa nyingine chini ya taa ila inakataa kwenye mwali wa moto, usishangae, Gardon hupotoka hewa moto inapopita juu ya uso wake kwa kasi, kwa moto mchanganyiko Schmidt-Boelter ni salama zaidi. Na volti ni ndogo, milivolti kama 10 kwenye kilele, kwa hiyo kipimo cha loga kiwekwe kwenye kiwango kidogo. Ikisoma sifuri kabisa hata mbele ya moto, pima ukinzani kwa mita, ukikuta waya umekatika ndani imekwisha.

Namba zinatetemeka

Ukivuta grafu ukaona mawimbi ya Hezi 50, ni umeme wa ukutani. Sokota waya mbili pamoja, zitenge na nyaya za taa na za feni, hakikisha kinga ya waya imeungwa ethi upande mmoja tu. Themokapo isiyo na kinga ikigusa metali yenye ethi na loga nayo ina ethi yake unapata mzunguko, ndo maana inatulia ukiinyanyua na kuanza tena ukiigusisha. Kwenye mwili wa mtu hili si suala la grafu tu: loga na laptopu iliyochomekwa ukutani isiwe imeunganishwa na mtu bila kitenganishi kilichothibitishwa kwa matibabu. Tumia betri.

Kinyume chake ni namba laini kupita kiasi. Moto wa mlipuko wa sekunde 3 au 4 una kilele kikali, ukipata kilima kizuri cha mviringo basi ama ncha ya themokapo ni kubwa mno na inachelewa, ama kuna filta kwenye softiwea mtu aliiwasha ikasahaulika. Zima filta kwanza, ndo ujue ncha inafanya nini.

Joto liko sawa, ila hesabu ya kuungua haina maana

Sensa zote zimepita vipimo, manekini (sanamu ya mtu iliyovishwa nguo) ya kiwango cha ISO 13506 yenye sensa zake zisizopungua 100 imesimama kwenye moto wa kilowati 84 kwa mita mraba, na programu inakwambia hakuna aliyeungua, au inakwambia namba isiyo namba. Fomula ya Henriques, ya kuhesabu kasi ya uharibifu wa ngozi, ina kizidishi P cha 3.1 mara 10 kwa kipeo cha 98, na ile nishati ya joule 627,000 kwa moli. Kompyuta ikihifadhi kwa usahihi mmoja (single precision) mwisho wake ni kipeo cha 38, kwa hiyo P inageuka kuwa infiniti na sehemu ya pili inageuka sifuri. Tumia usahihi wa mara mbili (double precision), au fanya kwa logarithimu.

Angalia kama joto limeingia kwa Kelvini. Angalia namba uliyotumia, nishati ukiigawa kwa R (namba ya kudumu ya gesi) inatoa kama 75,400, mtu akiandika 75,000 kasi ya uharibifu inabadilika zaidi ya mara 3. Angalia kina, joto linalotakiwa ni la chini ya ngozi ya juu, kama mikromita 80 ndani, sensa yako ilipima usoni. Na angalia kama programu imeacha kuhesabu moto ulipozimwa, ngozi inabaki juu ya 44 kwa muda baada ya hapo na uharibifu unaendelea, loga iachwe irekodi mpaka kila sensa ishuke chini ya hapo.

Kipimo cha haraka cha programu: ipe joto lisilobadilika la 44, andika kasi, halafu ipe 45. Kasi ya pili iwe kama mara 2.1 ya kwanza. Ukipata kitu kingine rudi kwenye fomula, usiguse sensa.